Watani Mbele ya Jeneza

Uledi alikuwa amelala chali katikati ya njia, kichwa amekiegemeza kwenye tumbo la mwenzake, anatafuna muwa. Kila akimaliza kukamua utamu aligeuza shingo na kutema makapi upande wa jeneza. Mengine yalifika. Kapi moja lilinasa kwenye kitambaa cha kijani kilichomfunika Batuli, likabaki pale, jeupe, linang'aa mate, na hakuna aliyethubutu kulitoa.

Jua lilikuwa utosini. Nyuma ya jeneza walisimama wanaume wa Ujiji, kanzu zimewaganda mgongoni. Mbele yake walilala vijana kumi na mmoja wa kwetu, wamejipanga kuvuka njia yote toka ua hadi ua, wanacheka. Nasema wa kwetu kwa sababu walikuwa wa kwetu. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimelitafuta neno jingine la kuwaita, sijalipata.

Lazima nieleze kidogo, maana nyinyi mliozaliwa juzi mnadhani utani ni kuchekana sokoni basi. Rumonge ya wakati wa Wadachi, hao Wajerumani, ilikuwa na Waswahili wa namna mbili. Tulikuwepo sisi wa ng'ambo, ambao baba zetu walivuka ziwa kutoka Manyema, na walikuwepo wale wa Ujiji, waliopanda na ufuko wakifuata biashara ya chumvi na nguo. Tulisali msikiti mmoja, tulikula kwenye sinia moja, na tulikuwa watani. Akifa mtu wa Ujiji, sisi tunamwosha na sisi tunachimba kaburi. Akifa wa kwetu, kazi hiyo ni yao.

Na kabla jeneza halijatoka uani, watani wachache hulala njiani. Wanamkejeli marehemu kwa ulafi wake, kwa miguu yake ya bata, kwa madeni ya ugoro aliyoyakimbia, mpaka wafiwa wanajikuta wanacheka huku machozi yanawatiririka. Hapo mfiwa hutoa kuku, au bonge la chumvi. Mkubwa wa watani huchukua maji, huwamwagia miguuni wale waliolala na kusema, "Imetosha." Wanaamka, na wao wenyewe ndio wanaotia mabega chini ya jeneza. Ilikuwa dawa yetu ya msiba, na ilikuwa nzuri, Mungu ni shahidi. Ila ilikuwa na sharti. Mfiwa hakasiriki, akikasirika ni aibu yake, wala hawezi kumwamsha mtani aliyelala. Mtani huamshwa na mkubwa wake peke yake.

Mkubwa wa watani upande wa ng'ambo alikuwa Feruzi, mume wangu.

Mimi Sikuzani, wa ng'ambo, niliosha maiti wa kike wa Ujiji, na Batuli, wa Ujiji, aliosha wa kwetu. Tulirithi kazi hiyo kwa mama zetu. Batuli alikuwa na ulimi wa pilipili. Alinitukana tangu tukiwa wasichana wa kuchota maji, nami nilimrudishia, na hapana mtu niliyempenda zaidi nje ya watoto wangu. Aliniambia mara nyingi, "Siku nikifa, musiamuke kwa kuku mumoja. Assumani iko bahili. Mwambie wawili." Assumani alikuwa mumewe, mkubwa wa wavuvi wa Ujiji, na kweli alikuwa bahili.

Malale yakamshika. Mwanzoni alisinzia katikati ya hadithi zake, tukamcheka. Kisha akaanza kusinzia na kijiko mdomoni. Wadachi walikuwa na kambi yao ya sindano kando ya ziwa. Akapelekwa, akakaa miezi mitatu, akarudi shingo imejaa uvimbe na macho kama ya mtu anayetazama ukutani. Mwezi wa mwisho hakunijua. Nilimwosha asubuhi ile kwa mikono yangu hii, nikamtia karafuu maiti, nikamvisha sanda, na alikuwa mwepesi kama mtoto wa miaka kumi. Nilitaka jambo moja tu siku hiyo, afike kaburini akiwa msafi kama nilivyomwacha.

Sasa ubaya wenyewe ulianzia wapi? Ulianza na barua. Bwana mkubwa wa boma la Usumbura alituma habari kwamba Waswahili wa Rumonge watapata jumbe wao, mkubwa wa mji mwenye barua ya mhuri, na kwamba yeye mwenyewe atashuka kwa mashua kuona watu wanamtaka nani. Ng'ambo wakamsimamisha Feruzi. Ujiji wakamsimamisha Hadji, mzee mpole aliyefundisha watoto Kurani. Kabla ya hapo tulikuwa watani. Mwezi mmoja tu, tukawa vyama.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kahawa kila jioni, ngoma, mashairi ya kuchambana. Kisha akatokea Uledi. Alikuwa mpiga kasia aliyeachishwa kazi kwa ugomvi, mtu wa ng'ambo kama sisi, na alikusanya vijana wasiokuwa na shughuli akawaita jeshi la Feruzi. Walivunja mitungi ya wanawake wa Ujiji kwenye njia ya ziwani. Feruzi akacheka, akasema huo ni utani. Wakamwaga mawese ya mjane mmoja wa kule. Utani. Asubuhi moja wavuvi wa Ujiji walikuta ndagala zao, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa mchangani zimekojolewa, mchanga wote unanuka, nzi wamejaa. Assumani akaja barazani kwetu na samaki wachache kwenye jani, akaliweka jani miguuni pa Feruzi. Feruzi akatazama, akaziba pua kwa vidole viwili, akasema, "Mutani hakasirike." Wote wakacheka. Assumani naye akacheka, kwa sababu sharti ndivyo lilivyo.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wengine wasiokuwa na watani wasingeweza hata kulifanya. Kila uchafu tuliupa jina la utani, na utani haukasirikiwi. Na mimi nilicheka, msinione mtakatifu. Nilikuwa nimeshachagua leso nitakayovaa siku mume wangu atakapopewa barua. Kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilikuwa najipimia nguo.

Narudi njiani. Assumani alitoka mbele ya jeneza na kuku mmoja, akamweka karibu na miguu ya Uledi. Uledi akamsukuma kwa kisigino. Assumani akaleta wa pili, nami nikamkumbuka Batuli na nikakaribia kutabasamu. Akaleta bonge la chumvi kubwa kama kichwa. Uledi akatema makapi.

"Hatutaki kuku," akasema. "Weka mukono juu ya jeneza, uape mbele ya batu. Uape wewe na wavuvi wako muko ba Feruzi. Ukiapa, tunaamuka."

Kicheko cha watu kilikatika. Kiapo juu ya jeneza kwetu hakivunjwi. Mtu akikivunja, aliyekufa hapumziki. Assumani alisimama na ile chumvi mikononi, akaitazama njia, akayatazama majumba, kama mtu anayetafuta mlango.

"Mutani," akasema, "omba kingine chote."

Hawakuomba kingine. Vijana wa Ujiji walitaka kuwaburuta, na Hadji akawazuia kwa fimbo yake, maana damu ikimwagika askari wangekuja, na kwa Mdachi hapana aliyeanza na aliyejibu, wote ni viboko ishirini na tano. Wakarudi nyuma. Jeneza likashushwa chini, chini kabisa kwenye vumbi, kwa sababu mabega yalikuwa yamechoka. Adhuhuri ikapita.

Niliketi kando ya jeneza na kuti la mchikichi, nikifukuza nzi. Nimeosha maiti zaidi ya mia mbili na siogopi harufu ya mauti. Kilichonishinda ni harufu ya ule muwa, utamu ule mbichi uliochanganyika na kile kilichoanza kutoka chini ya kitambaa. Mpaka leo sili muwa. Uledi akafumba macho akaanza kukoroma. Wenzake wakaelewa, wakakoroma pamoja naye, kumi na mmoja wanakoroma mbele ya mwanamke aliyekufa kwa malale, na huku nyuma mwanawe mdogo anauliza mama ameamka au bado.

Nitasema kweli. Ningeweza kukoroma mimi mwenyewe. Kama ingekuwa siku njema ya msiba wa kawaida, ningelala njiani na kukoroma kwa nguvu zangu zote, na Batuli angecheka huko aliko. Maneno yangekuwa yale yale. Lakini mimi ningekoroma ili Assumani aweze kumzika mkewe, na wao walikoroma ili asiweze.

Alasiri ikaingia. Nikaona doa. Lilitokea kwenye kitambaa upande wa tumbo, dogo kama shilingi, na nikiwa nalitazama likawa kama kiganja. Yote niliyoyafanya asubuhi, maji saba, kafuri, pamba, kila mkunjo wa sanda, yalikuwa yanaharibika mbele ya macho yangu. Nikalifunika doa kwa kuti, nikainuka, nikaenda kwetu.

Feruzi hakuwa amekuja mazikoni. Alisema mguu unamuuma. Nilimkuta barazani na wazee wanne wa chama, wamekunja miguu vizuri tu, kahawa katikati. Birika lake la shaba la kutawadhia lilikuwa pembeni, limejaa. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwambia hali ilivyo. Nikamwambia Batuli ameanza kuvuja. Mzee mmoja akaweka kikombe chini.

"Hatukuwatuma," akasema Feruzi.

"Wamelala kwa jina lako, Baba Mbaraka."

"Mutu akilala njiani kwa jina langu, mimi nimefanya nini?"

Nikamwambia hajafanya kitu, na ndiyo maana nimekuja. Anayeweza kuwaamsha ni mmoja, hapana wa pili. Aende, au kama mguu unamuuma kweli atume neno. Neno lenyewe moja. Wale wazee wakatazama kahawa yao. Nilidhani mmoja wao atasema, kwa sababu Batuli alikuwa amewaoshea mama zao, na mmoja alimwoshea binti. 

Feruzi akanisogelea, akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema ukweli. "Mama Mbaraka, nikiwakana leo, juma lijalo mbele ya Mudachi nitasimama na nani? Na hawa?" Akawaonyesha wazee wanne kwa kidevu, na wao wapo pale pale, wanasikia.

Nilimwangalia mume wangu wa miaka kumi na sita. Alikuwa mtu mzuri wa sura, ndevu zake alizitia mafuta ya mawese yaliyochujwa. Ilinijia kwamba siku zote nilikuwa nikimwona mkubwa, na kumbe alikuwa amekalia tu kitu kirefu. Nikainama, nikachukua birika. Aliniona. Alilitazama birika mkononi mwangu, akanitazama usoni, kisha akageuka kumwuliza mzee wa jirani habari za bei ya chumvi.

Wakati ule nilidhani hakuelewa.

Nilitembea haraka, maji yanaruka-ruka mdomoni mwa birika. Kila mtu wa Rumonge alilijua birika lile. Lilikuwa na mpini uliofungwa waya, alilinunua kwa Mwarabu, na hapana mtu mwingine aliyeligusa ila mimi. Watu waliponiona nalo wakapisha njia. Nikafika kwa Uledi. Alifumbua jicho moja.

Nikamwaga maji kwenye miguu yake, kisha kwenye miguu ya wa pili, nikaenda hivyo mpaka wa kumi na moja, bila kuruka mtu. Maji mengine yalinirukia mwenyewe. Kisha nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Feruzi amesema imetosha. Batu waamuke."

Uledi akalitazama birika. Akanitazama mimi, muda mrefu, meno yake yana nyuzi za muwa. Kama angeniuliza neno moja ningekuwa nimekwisha. Lakini wa mwisho kwenye mstari, kijana mmoja aliyekuwa ameona maji ya Feruzi yakimwagwa tangu utoto wake, aliinuka kwa mazoea tu, akajipangusa vumbi. Akainuka na wa pili yake. Uledi akabaki peke yake chini, na mtu mmoja aliyelala njiani ni mlevi. Akaamka.

Hawakubeba jeneza. Wanaume wa Ujiji walilibeba wenyewe, ikawa mara yangu ya kwanza tangu nizaliwe kuona maiti akibebwa na watu wake, na walimzika Batuli jua likigusa milima ya ng'ambo. Nililitoa lile kapi kwenye kitambaa kabla hawajaliinua jeneza. Nililitupa mbali na nikanawa, nikanawa tena.

Uledi alifika kwetu watu wanatoka kusali magharibi. Nilikuwa jikoni nikasikia kila kitu kupitia ukuta wa matete. Alimwuliza Feruzi kwa nini amewakana mbele ya watu. Nikashika kifua, maana nilijua sasa uongo wangu utatolewa nje kama utumbo wa samaki. Feruzi akacheka kidogo.

"Umenisikia kwa mudomo wangu?" akasema. "Mwanamuke amemwaga maji. Banamwaga maji kila siku."

Uledi naye akacheka. Wakala pamoja, ugali nilioupika mimi.

Asubuhi Assumani akaja, na Hadji, na wazee wao watatu. Nilileta kahawa. Assumani alikuwa na macho mekundu na kanzu ile ile ya jana. Alimshika Feruzi mkono kwa mikono yake miwili, akasema amekuja kushukuru, kwamba jana neno lake limemwezesha kumzika mkewe. Nilimtazama mume wangu. Nilijua ameshamwambia Uledi kwamba hakusema. Nilingoja kuona atafanya nini na shukrani isiyokuwa yake.

Aliipokea. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akaweka mkono kifuani, akasema chama chetu hakipendi fujo, kwamba yeye ni mtu wa amani na kila mtu anajua. Uledi alikuwa amesimama nyuma yake, ameegemea mwimo wa mlango, anachokonoa meno. Maneno yakapita juu ya kichwa chake kama upepo juu ya jiwe.

Assumani akasema ana ombi moja. "Sema mbele yetu kwamba hawa si batu bako."

 Feruzi akatabasamu. "Batu wote ni ba Mungu," akasema, na wale wazee wetu wanne, walaaniwe, wakaitikia amina.

Assumani alizungusha macho yake barazani, polepole, akamwangalia kila mtu aliyekuwepo. Yakanifikia na mimi. Nilikuwa na sinia mkononi na maneno yote mdomoni: kwamba Feruzi hakutuma mtu, kwamba birika niliiba, kwamba aliwaambia wahuni wake jana jioni kinyume cha anayowaambia leo. Nikafikiri, nikisema, Uledi ataniua. Nikafikiri pia, na hili sijawahi kulisema mpaka leo, nikisema, mume wangu hapati barua. Nikatoa kahawa.

Juma lililofuata Mdachi alikuja na mkalimani na askari sita. Watu wakaambiwa wasimame nyuma ya wanayemtaka. Hadji akasimama na wachache wake. Kisha Assumani akatembea na wavuvi wake wote, akaja kusimama nyuma ya Feruzi, na ikawa imekwisha. Watu walisema Feruzi ameshinda kwa sababu ya uungwana wake mazikoni kwa Batuli, kwamba ni mkubwa anayejua kuwazuia watu wake. Mdachi akatoa barua. Nilivaa ile leso.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa cheo cha jumbe. Uongo wangu ulifanya kazi aliyotakiwa kuifanya yeye, na yeye akala ujira. Nilisema hapo nyuma kwamba nilidhani hakuelewa nilipochukua birika. Alielewa sana. Alitaka mtu mwingine amwage maji, ili akiulizwa na huyu aseme ndiyo, na akiulizwa na yule aseme hapana, na mikono yake ibaki mikavu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema, lakini kwetu aliyelia hakuwa Feruzi. Uledi alipewa kofia nyekundu akawa askari wa jumbe. Nyavu za Ujiji zilichukuliwa kwa kodi iliyokwisha kulipwa. Mtoto mkubwa wa Hadji alivunjwa taya. Kila mara Feruzi aliitwa aseme neno, na kila mara alisema hakuwatuma. Watu wa Ujiji wakaanza kuhama nyumba moja moja, wengine Kigwena, wengine Minago. Hawakuniita tena kuosha maiti wao. Waliosha wenyewe, bila ufundi, kama walivyobeba majeneza wenyewe, na hapana aliyelala tena njiani Rumonge. Siwezi kuwalaumu. Nani amwache mtani alale mbele ya jeneza, akishajua mtani anaweza asiamke?

Feruzi alikufa mwaka wa nne, mwaka ule vita vilipoingia ziwani na Wadachi wakaacha kuuliza habari za majumbe. Alikufa kwa kuhara, siku tatu. Kaburi lilichimbwa na wanangu, Mbaraka na mdogo wake, wanachimba wanapumzika, kwa sababu hapana mtani aliyetokea. Uledi alikuwa ameshapata bwana mwingine. Tulizika kimya, hapana aliyetutania wala kutuchekesha, na nilijua kwa mara ya kwanza jinsi msiba ulivyo mzito ukiubeba wote peke yako.

Eda yangu ilipokwisha nikapanda mtumbwi hadi Minago. Nilikuwa nimebeba maneno yangu miaka minne na nilitaka kuyatua kwa mwenyewe. Nilimkuta Assumani mchangani, amezeeka, anachambua ndagala kwenye ungo, anatoa vijiwe. Akanisogezea kigoda. Tukapeana salamu ya amahoro, tukaulizana watoto. Kisha nikamwambia: birika, maji, uongo, jibu la Feruzi kwa Uledi jioni ile, yote, haraka, kama mtu anayetapika.

Hakushangaa. Vidole vyake viliendelea na kazi.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile. Feruzi hangetuma mwanamuke."

Nikamwuliza, kama alijua, asubuhi ile alimshukuru Feruzi kwa lipi, na kwa nini alimpa wavuvi wake.

"Uledi alikuwa anasimama nyuma yake. Mimi nilikuwa na watoto watatu, mama yao nilikuwa nimemuzika jana yake."

Nitakiri nilichokisikia moyoni. Nilisikia nafuu. Kama alijua tangu mwanzo, basi kimya changu hakikumdanganya mtu, na pengine hakikuwa dhambi kubwa kama nilivyodhani. Nikathubutu kumwomba radhi kwa niaba ya marehemu mume wangu, nikasema angekuwa mtu mwingine kama angekuwa na moyo kidogo.

Assumani akaweka ungo chini.

"Feruzi sikumungojea, mutani wangu. Feruzi nilimujua. Asubuhi ile nilipouliza, niliangalia batu wote, nikafika kwako, nikangoja. Ni wewe nilikungoja."

Akapangusa magamba vidoleni.

"Ukanipa kikombe."